Siku Tisa na Kamera Begani

Usiku wa kuamkia safari

Nimetandaza kila kitu kitandani: kamera moja, lenzi tatu, betri nne, chaja, kadi sita za kuhifadhia picha, stendi ya miguu mitatu, pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi na vitambaa viwili. Nimepima kwa mizani ya mizigo nikapata kilo sita na ushee, na hapo sijaweka hata shati moja. Mjomba, ambaye ndiye mwenzangu wa safari, alichungulia mlangoni akiwa ameshika vifaa vyake vyote kwa mkono mmoja: kamera ya filamu ya tangu ujana wake, ndani ya soksi nene ya sufu, na roli mbili za filamu kwenye mfuko mwangavu.

"Mwanangu, unasafiri au unahama?"

"Mjomba, sijui nitahitaji lenzi ipi."

"Utahitaji ile itakayokuwa kwenye kamera. Hizo nyingine utakuwa mlinzi wake tu."

Nilimsikia, sikumsikiliza. Lenzi ndefu ya milimita 100 hadi 400 ikarudi begini.

Kabla ya kuzima taa nikafanya jambo ambalo huchukua dakika mbili na ambalo karibu kila mtu huliahirisha: nimepiga picha kwa simu namba zilizo chini ya kamera na zile zilizochapwa kwenye kila lenzi, nikajitumia kwa barua pepe. Kamera ikipotea, polisi na watu wa bima huanza kuulizia namba hiyo. Ukiwaambia ni nyeusi na ina mkanda, umewaelezea kamera zote duniani.

Siku ya kwanza: uwanja wa ndege

Betri zote nimezibeba kwenye mzigo wa mkononi. Hapo hakuna hiari. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, kwa kuwa moja ikishika moto kule chini hakuna wa kuiwahi. Kipimo ni wati-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri hubeba: isiyozidi 100 hupita, ya kati ya 100 na 160 huombewa ruhusa ya shirika la ndege, tena mbili tu kwa abiria. Ya kwangu imeandikwa volti 7.2 na miliampia-saa 2,280. Zidisha, gawanya kwa 1,000, inakuja 16.4. Hata pawabenki ya miliampia-saa 20,000, kwa volti 3.7, ni wati-saa 74. Kinachoniogopesha zaidi ya hesabu hizo ni betri kulala mfuko mmoja na funguo au sarafu, chuma kikagusa chuma. Kwa hiyo kila betri nimeibandika utepe pale penye vidoti vya kupitishia umeme.

Kwenye ukaguzi mjomba aliinua mfuko wake mwangavu na kumwomba ofisa azitazame filamu kwa mkono. Kwenye zile mashine za zamani za eksirei filamu ya kawaida inaweza kupita mara kadhaa bila kudhurika, lakini hizi mpya za CT, zenye eksirei kali zaidi, zinaweza kuiharibu kwa kupita mara moja tu, na watengenezaji wa filamu wenyewe wanaonya hivyo. Ofisa, kijana mdogo, aliigeuzageuza roli kama mtu aliyeokota yai la ndege asiyemjua. Akarudisha, akatabasamu. Kamera za kidijitali hazina shida hiyo, sensa (kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu) na kadi hupita tu.

Shida yangu ilinisubiri kwenye mlango wa kupandia. Begi limezidi uzito, liende chini na mizigo mikubwa. Sikubishana. Nilichuchumaa pembeni, nikatoa kamera nikaivaa shingoni, lenzi moja mfuko wa kulia wa koti, nyingine wa kushoto, betri na kadi kifuani, nikakabidhi begi likiwa na stendi, chaja na vitambaa tu. Nikapita nimevimba kama mwizi wa maembe. Mjomba alikuwa ameshakaa, soksi yake mapajani.

Ndani ya ndege kamera niliizungushia sweta nikaiweka chini ya kiti cha mbele, baina ya miguu yangu. Kule juu kwenye makabati kila anayechelewa husukuma sanduku lake mpaka liingie, na mlango ukifunguliwa baada ya kutua, cha kwanza kuanguka hakichagui mwenyewe.

Siku ya pili: basi na vumbi

Saa saba za barabara ya vumbi. Tulikaa katikati ya basi, mbali na matairi ya nyuma ambako kila shimo hukurusha juu. Begi niliweka mapajani. Watu huliweka sakafuni wakidhani liko salama kwa vile haliwezi kuanguka, kumbe sakafu ndiyo inayotetemeka kuliko kitu chochote ndani ya basi. Mtetemo wa saa nyingi hulegeza skrubu ndogo za lenzi, moja moja, bila kishindo. Mwaka 2021 Apple waliwatahadharisha wenye simu zao wasizifunge kwenye usukani wa pikipiki zenye injini kubwa, kwa sababu mtetemo ule unaweza kudhoofisha mfumo unaotuliza picha. Kamera nyingi za leo zina mfumo wa jamii hiyohiyo ndani yake. Mapaja ya binadamu ni springi nzuri sana, tatizo ni kwamba yanakufa ganzi.

Lenzi ndefu niliitenganisha na kamera kabla hatujaondoka. Zikiwa zimeungana, uzito wote wa lenzi huning'inia kwenye ile pete ya kuungia, na kila mrusho ni kama mtu anayejaribu kuing'oa kwa mkono.

Vumbi lilikuwa la aina ile inayoingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Begi la kamera, hata lenye sponji nene kiasi gani, halizuii vumbi, maana meno ya zipu yana nafasi. Niliweka kila kifaa kwenye mfuko wake wa plastiki, nikafunga fundo, ndipo nikarudisha begini. Jioni nilipofungua, sehemu ya juu ya begi ilikuwa rangi ya udongo na kamera ilikuwa nyeusi vilevile.

Lakini kilichokaribia kuimaliza kamera yangu leo hakikuwa barabara.

Tulisimama kunyoosha miguu. Nikaitoa kamera, nikaivaa shingoni, nikainama kumwonyesha mjomba kitu kwenye kioo. Nilichoona ni mkono wake ukipita mbele ya uso wangu kama anaua nzi. Nilipotazama chini, kiganja chake kilikuwa chini ya lenzi na upande wa kushoto wa mkanda ulikuwa unaning'inia peke yake.

"Nani alikufunga huu?"

"Mimi mwenyewe, mjomba."

"Keti."

Tukaketi kwenye jiwe akanionyesha, na nayaandika haya ili nisiyasahau. Ncha ya mkanda hupita kwenye pete ya kamera, ikarudi juu hadi kwenye kile kibano kidogo cha plastiki. Mimi nilikuwa nimeishia kuichomeka kwenye kibano na kuacha mkia nje, sentimita moja na nusu, ukipepea. Nailoni ni laini, kila hatua unayotembea inavuta kidogo, na kibano kinaachia kidogo. Inavyotakiwa, ncha iingie ndani ya kibano ikiwa chini ya tabaka la kwanza la mkanda, mkia ulale upande wa ndani ambako mvuto wenyewe unaubana, tena uachwe wa kutosha, sentimita nne au tano. Kisha unashika kamera kwa mkono mmoja na mkanda kwa mwingine, unavuta kwa hasira. Ukisogea hata kidogo, anza upya.

Alifunga pande zote mbili kwa vidole vyake vinene, polepole, kama anashona. Tangu hapo nimekata shauri: kila asubuhi, kabla ya chai, nauvuta mkanda huu pande zote mbili.

Siku ya tatu: mjini

Kutwa nzima kwa miguu, penye watu wengi. Mkanda niliupitisha mwilini mshazari, kutoka bega la kushoto hadi nyonga ya kulia, kamera ikalala nyuma kidogo ya mkono, lenzi ikitazama chini. Kwenye msongamano nikaivuta mbele, ikakaa tumboni, koti juu yake. Mkanda wa kiwandani niliuacha nyumbani. Umeandikwa jina la kampuni kwa herufi nyeupe kubwa zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na sioni kwa nini niwafanyie kazi ya matangazo kwa kuhatarisha mali yangu. Jina lililo usoni mwa kamera nalo nimelifunika kwa utepe mweusi.

Begi la mgongoni kwenye umati huvaliwa kifuani. Wengine wanaona aibu. Mimi aibu hiyo naiweza.

Tulipokaa kupumzika niliiweka kamera mezani, mkono wangu juu yake, nikajiona mwangalifu. Mjomba hakusema kitu. Aliuchukua mkanda, akaupitisha chini ya paja langu, akaendelea kunywa. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba katika miaka yake yote ya kupiga picha hajawahi kunyang'anywa kamera. Ameibiwa moja tu, na ilikuwa mezani, mkono wake ukiwa juu yake mpaka pale alipouinua kumsalimia mtu.

Kadi iliyojaa sikuirudisha begini pamoja na tupu. Ilikwenda kwenye mfuko wa ndani wa shati, wenye kifungo. Nikiibiwa begi, nabaki na picha, na katika vitu vyote nilivyobeba ni picha tu ambazo siwezi kununua tena.

Siku ya nne: mvua

Mvua tangu alfajiri. Tulitoka mara moja tu, dakika arobaini.

Kamera yangu tangazo lake linasema imezibwa dhidi ya hali ya hewa. Maneno hayo ni matamu na hayana kipimo. Kipimo kipo, kinaitwa IP, chenye tarakimu mbili, ya kwanza ya vumbi na ya pili ya maji, na kamera nyingi hazikitaji kabisa. OM-1 ya OM System, kwa mfano, imeandikwa IP53, yaani inastahimili manyunyu. Manyunyu siyo kutumbukia mtoni. Isitoshe, kamera ikiwa imezibwa na lenzi haijazibwa, maji hupitia kwenye lenzi.

Kwa hiyo nilitumia mfuko wa plastiki: tundu moja la lenzi, mpira wa kubania kuzunguka mdomo wa lenzi, mikono inaingilia chini. Unaonekana kituko, lakini unafanya kazi. Kofia ya kukinga mwanga niliiacha mbele ya lenzi, maana inazuia matone kuliko filta yoyote. Lenzi sikubadilisha hata mara moja, kwa kuwa tone moja kwenye vidoti vya mawasiliano ndani ya pete linaweza kukuharibia wiki nzima.

Siku ya tano: mlimani

Leo ndipo lenzi ndefu ilipoanza kunidai. Kufikia saa nne mabega yalikuwa yamekwisha, na kamera inayoning'inia kifuani ilikuwa inabembea kila nilipoinama na kugonga mwamba. Mara ya tatu kugonga nikasimama. Nilikuwa na kile kibano cha chuma kinachofungwa kwenye mkanda wa begi la mgongoni, kamera ikachomekwa humo kwa kibao chake cha chini, ikatulia kama imeota pale. Uzito ukahamia kwenye begi na nyonga, shingo ikapumua. Mkanda sikuuvua, niliuacha shingoni ukiwa umelegea. Kibano kikikosea, mkanda upo.

Nikihema pale nilimkumbuka Oskar Barnack. Alikuwa fundi wa Kijerumani kwenye kampuni ya Leitz, mpenda kupanda milima, tena mwenye pumu. Kamera za enzi zake zilitumia vioo vikubwa badala ya filamu na zilikuwa mzigo wa mtu mwenye mapafu mazima. Akaanza kujitengenezea ndogo, inayotumia filamu ya sinema ya milimita 35, na kutoka humo ikazaliwa Leica iliyoingia sokoni mwaka 1925. Kamera ya mjomba ni kitukuu cha ile. Alikuwa mbele yangu hatua mia, anapiga mluzi.

Juu palikuwa na baridi ya kuuma. Betri niliyoichaji jana usiku ilishuka hadi nusu ndani ya picha thelathini, kisha kamera ikajizima. Haikuwa imekwisha. Baridi hupunguza mwendo wa kemia ndani ya betri ya lithiamu, na ikipata joto tena nguvu nyingi hurudi. Niliiweka kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, nikaingiza nyingine. Baada ya nusu saa, ile ya kwanza ikafufuka, nikawa nabadilishana mbili hizo hadi tulipoanza kushuka.

Kisha nikafanya ujinga. Tulifika kwenye kibanda cha wapanda mlima, jiko linawaka, watu wamejaa, hewa nzito ya pumzi na maji yanayochemka. Nami nina hamu ya kuona picha. Nilifungua zipu papo hapo mlangoni.

Anayevaa miwani anajua kinachotokea. Hewa yenye joto imebeba maji, ikigusa kitu baridi inayaacha pale. Kwanza kioo cha mbele cha lenzi kilipiga weupe, nikakifuta. Kikarudi. Kisha kitundu cha kuchungulia. Kisha nikaona jambo lililonifanya nikae chini: ukungu ulikuwa nyuma ya kioo, kwa ndani, umbo la mwezi mwandamo, na hakuna kitambaa kinachofika huko.

"Usiiwashe," mjomba alisema. "Usizungushe kitu, usibadilishe lenzi. Iache."

Akatoa betri na kadi, akaiweka kamera mezani, mbali na jiko, milango yake midogo wazi. Saa mbili na zaidi tulikaa tukiitazama kama mgonjwa. Mwezi mwandamo ulipungua kuanzia pembeni, ukawa ukucha, ukapotea.

Ya kwake ilikuwa bado ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo tangu nje, kwenye baridi. Ndivyo ilivyotakiwa: unaifunga kamera kwenye mfuko usiopitisha hewa kabla hujaingia ndani, unaiacha ipate joto taratibu humo humo, na maji yatatua juu ya plastiki. Nilikuwa nalijua hilo. Nililisoma miaka iliyopita, na nina uhakika nimewahi kumfundisha mtu.

Siku ya sita: mapumziko

Miguu haitaki. Nimenakili picha zote kwenye diski mbili ndogo, moja begini kwangu, nyingine begini kwa mjomba, na kadi zenyewe sijazifuta. Nakala tatu. Hoteli ikiwa na intaneti ya maana, zile bora kabisa huzipandisha mtandaoni usiku.

Mjomba naye hakuwa na cha kunakili, akanisimulia habari za Frank Hurley, mpigapicha wa safari ya Ernest Shackleton kule Antaktika. Meli yao, Endurance, ilibanwa na barafu mwaka 1915 ikaanza kwenda chini, na picha zake za vioo zilikuwa ndani. Hurley alivua nguo akazamia kwenye maji ya barafu kuzitoa. Kisha yeye na Shackleton wakaketi juu ya barafu kuchagua, kwa kuwa mashua hazingebeba zote. Wakabakiza kama 120. Nyingine zipatazo 400 Hurley alizivunja palepale, ili asije akapata tamaa ya kuzirudia. Kamera zake kubwa nazo aliziacha, akaendelea na Kodak ndogo ya mfukoni na roli tatu za filamu.

Niliitazama lenzi yangu ndefu. Sikuivunja. Lakini hoteli ina kabati lenye kufuli, na tutarudi kupitia hapa hapa kesho kutwa. Nimeizungushia fulana mbili nikaifungia humo pamoja na stendi. Begi limekuwa jepesi mpaka nikalifungua tena kuhakikisha kamera imo.

Siku ya saba: majini na mchangani

Asubuhi tulipanda mashua. Nilikuwa na begi la mpira, lile linalokunjwa mdomo, na nahodha alipoona nimelikunja mara moja akanirudisha.

"Mwanangu, kunja mara tatu, halafu ndiyo ubane. Mara moja ni sawa na kuliacha wazi."

Akanionyesha na namna ya kupima: likunje likiwa na hewa ndani, kisha likumbatie kwa nguvu. Likinywea, linavuja. Tena likiwa na hewa, hata likitumbukia litaelea na utaliokota. Nililifunga kwenye ubao wa kukalia kwa fundo la kufunguka haraka, kwa sababu mashua ikipinduka sitaki lizame nayo.

Nilipiga picha bahari ikiwa imetulia tu, mkanda shingoni muda wote. Rasharasha mbili tatu ziliigusa. Maji ya chumvi siyo kama ya mvua: maji yakikauka chumvi hubaki, inanyonya unyevu wa hewa, inakula chuma polepole chini ya vitufe na kwenye skrubu. Kwa hiyo jioni, kabla hata ya kuoga mimi mwenyewe, niliifuta yote kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi yasiyo na chumvi, nikakikamua, nikarudia, nikamaliza kwa kikavu.

Mchanga ndio ulionishinda. Ufukweni upepo ulikuwa wa chini, ule unaotambaa magotini. Nilikuwa nimechuchumaa, kamera karibu na ardhi, nikafurahia mwanga nikasahau. Nilipozungusha pete ya kukuza nikasikia: krr. Sauti ndogo sana. Nikasimamisha mkono hapo hapo.

Ukisikia krr kuna hamu kubwa ya kuzungusha tena, uhakikishe. Usihakikishe. Kila mzunguko unaisukuma punje ndani zaidi. Niliigeuza lenzi ikatazama chini, nikapuliza kwa ile pampu ya mpira kuzunguka pete yote. Kwa mdomo hapana, mate hayana dawa. Zikatoka punje mbili nilizoziona na labda nyingine nisizoziona. Kioo cha mbele nacho ni pampu kwanza, kisha brashi laini, na kitambaa mwisho kabisa. Anayeanza na kitambaa anakisugua kioo kwa mchanga, yaani msasa. Nilijaribu pete taratibu. Krr ilikuwa imebaki kwa mbali, sehemu moja tu, karibu na milimita 50. Hiyo ni ya fundi.

Mjomba alinisimulia jamaa aliyeangusha kamera baharini, akaiokota, akaiwasha palepale aone kama ni nzima. Ilikuwa nzima kwa sekunde tatu. Angetoa betri kwanza huenda angeiokoa. Badala yake aliizika kwenye mchele siku mbili. Mchele haukaushi kamera kuliko hewa ya kawaida inavyoikausha, na unaacha unga kwenye kila tundu, kwa hiyo fundi alipewa kamera yenye kutu na wanga.

Siku ya nane: joto

Kurudi. Lenzi ndefu tumeichukua kabatini, salama, na sikuwa nimeikumbuka hata mara moja.

Jua kali. Gari tuliloazima liliachwa juani saa moja na ndani kukawa tanuri, bahati njema begi nilikuwa nalo mgongoni. Joto la namna hiyo huharibu betri na kulainisha gundi na mafuta ya ndani ya lenzi. Jambo lingine la jua ambalo wengi hatulifikirii: kamera zisizo na kioo cha ndani zikiachwa mezani bila kifuniko, lenzi ikitazama jua, lenzi hiyo hufanya kazi yake ya kukusanya mwanga na kuurusha kwenye sensa au shata, lile pazia dogo lililo mbele yake. Umewahi kuona mtoto akichoma karatasi kwa kioo cha kukuza. Ni hivyo hivyo. Leo nimefunika kila nilipomaliza, na kifuniko nimekifunga kwa uzi kwenye mkanda kwa kuwa najijua.

Njiani mjomba alinieleza kwa nini anatumia soksi na si mkoba wa ngozi uliokuja na kamera. Mkoba ule aliuweka kabatini na lenzi yake bora ndani, akaondoka miezi minane. Aliporudi, ndani ya lenzi mlikuwa na nyuzi nyeupe zilizotawanyika kama utando wa buibui. Kuvu. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 hivi kwa muda mrefu, penye giza na hewa iliyosimama, kuvu huota kwenye kioo na kukila. Ngozi hushika unyevu. Kioo kilisafishwa, lakini alama zake zikabaki zimechongwa.

"Ile ndiyo lenzi niliyoilinda kuliko zote," alisema, macho barabarani.

Siku ya tisa: nyumbani

Nimelimwaga begi juu ya gazeti. Mchanga, nyasi, tiketi ya basi, kifuniko cha nyuma cha lenzi ambacho tangu siku ya tatu nilidhani nimekipoteza. Begi lenyewe nimelipiga kwa kiganja, nikalifungua zipu zote na kulianika kivulini. Vifuko vya silika nilivyoweka begini, vyenye punje za kunyonya unyevu, vimebadilika rangi, maana yake vimeshiba maji, vitakaushwa kwa joto dogo virudi kazini. Kamera haitarudi begini. Itakaa kwenye kontena ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, na silika kavu.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, mkanda bado shingoni, kitambaa mkono huu, pampu mkono ule, naipulizia kamera kama mtoto mwenye uji wa moto, ndipo mjomba aliposimama mlangoni. Soksi ilikuwa inaning'inia mfukoni mwake.

"Usijisogeze."

"Mjomba, niko ovyo."

"Ndiyo. Nimebakiza moja."

Alizungusha pete ya lenzi yake kidogo, akashusha pumzi, akabonyeza. Kisha akakunjua kile kijiti kidogo cha kurudishia filamu akaanza kukizungusha, sikio karibu na kamera, mpaka sauti ilipolegea.